Bareti ya RAM kwenye joto la Ruzizi: mwendo, volti, na fishie zinazoharibika kimya kimya

"Papa fundi, mashini iko inaenda polepole sana. Unisukumieko RAM kidogo."

Kijana anayesema hivyo amebeba kompyuta yake ya mezani kwenye bega, ameifunga kitambaa juu ya vumbi la barabara. Ametazama video kwenye simu. Ndani ya video mtu wa Ulaya anaingia kwenye BIOS, anabadilisha namba mbili tatu, na kompyuta inapata mwendo bila kununua kitu. Mafundi wengine wanaita kazi hiyo kuovakloki, wengine kubusti. Sisi hapa tutasema tu kusukuma RAM.

Je, kwetu inawezekana? Ndiyo, kwa mashini fulani. Lakini yule wa kwenye video amekaa ndani ya chumba cha digrii 20, umeme wake haukatiki, na akiunguza kitu ananunua kingine kesho yake. Sisi wa Luvungi tuko chini, kwenye bonde. Ukitoka Bukavu, kwenye karibu mita 1500 juu ya bahari, ukishuka Ngomo mpaka Kamanyola, unasikia mwenyewe joto linavyobadilika kwenye uso. Kompyuta nayo inasikia.

Maelezo haya ni kwa wenye sekretaria publike, wenye studio ndogo za muziki, wanafunzi na watu wa redio, wale ambao kompyuta yao ndiyo kazi yao.

Bidon yenye tundu

Bareti ya RAM ni mahali kompyuta inaweka kazi ya sasa hivi: barua unayoandika, sauti unayokata, picha unayotaka kuchapa. Ukizima, yote inatoka. Diski ndiyo inabaki na vitu.

Ndani ya bareti mna vijumba vidogo sana kwa mabilioni. Kila kijumba kinashika chaji kidogo ya umeme: ikiwepo ni 1, isipokuwepo ni 0. Mpango huu wa kijumba kimoja chenye mlango mmoja ulibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, akapewa hati yake mwaka 1968, na mpaka leo RAM zote za kompyuta zetu zinafuata wazo lile.

Sasa shida iko hapa: kijumba kinavuja. Ni kama bidon yenye tundu, ambayo lazima mtu apite kila mara kuongeza maji kabla hayajaisha. Kompyuta inapita kwenye vijumba vyote na kuvijaza tena kila baada ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja. Na joto linaongeza ukubwa wa tundu. Ndiyo maana kanuni ya watengenezaji inasema bareti ikipita digrii 85, kujaza kufanyike mara mbili zaidi, kila milisekunde 32. Kwa hiyo joto linaharibu kumbukumbu polepole kabla hata ya kuunguza bareti. Bareti inaweza kuwa nzima kabisa, haina alama, na bado inasahau.

Namba zilizoandikwa juu ya bareti

Kwenye karatasi ndogo ya bareti utakuta kitu kama DDR4-2400 ao DDR4-3200. Hiyo namba ya mwisho ni mwendo: mara ngapi data inapita kwa sekunde, kwa milioni. Wauzaji wanasema "3200 megahezi", lakini saa ya ndani inapiga 1600 tu, na data inapita mara mbili kwa kila pigo. Kwa hiyo mtu akifungua programu ya CPU-Z na kuona 1600, asirudi kwa muuzaji na hasira. Hajaibiwa. Azidishe kwa mbili.

Bareti moja ya DDR4-2400 inaweza kupitisha giga 19,2 kwa sekunde. Ya 3200 inapitisha giga 25,6. Hizo ni hesabu za juu kabisa, kazini hutazifikia.

Kuna namba nyingine, CL, ambayo vijana wengi wanairuka. Hiyo ni muda wa kungoja: kompyuta ikiomba kitu, bareti inangoja mapigo mangapi kabla ya kujibu. Ya 3200 yenye CL16 inajibu kwa nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 inajibu kwa nanosekunde 10 pia. Umelipa zaidi, umepata upana wa barabara, lakini mlango unafunguliwa kwa muda ule ule. Na 2400 yenye CL17 inachukua nanosekunde 14 hivi.

Volti mbili ambazo watu wanachanganya

Hapa kwetu tukisikia "volti" tunafikiri ukuta: 220, taa inapungua jioni, kisha inaruka juu, televizio ya jirani inaungua. Hiyo ni volti ya SNEL ao ya grupe. Volti ya bareti ni nyingine kabisa, ndogo sana. DDR3 ya kawaida inataka volti 1,5, ile ya DDR3L inataka 1,35, DDR4 inataka 1,2, na DDR5 inataka 1,1. Kila kizazi kimeshusha volti, na sababu kubwa ni joto.

Katikati ya volti 220 na 1,2 mna boksi ya umeme (alimantasyo), halafu vifaa vidogo kwenye karte mère. Stabilizatere nzuri inalinda boksi. Haiwezi kurekebisha volti uliyoandika vibaya kwenye BIOS. Na boksi ya umeme ya bei ya chini, ikiwa imechoka, inapeleka umeme unaotetemeka mpaka kwenye bareti, hata ukuta ukiwa sawa.

Neno dogo kwa wenye laptopu za zamani: ziko zinazokubali DDR3L ya 1,35 tu. Ukiweka ya 1,5 juu inafanana, inakaa vizuri ndani ya nafasi yake, lakini mashini haiwaki. Watu wamezunguka soko lote wakidhani karte mère imekufa, kumbe ni hilo tu.

Ukisukuma, unalipa nini

Kupandisha mwendo peke yake, mara nyingi bareti inakataa. Inataka nguvu zaidi ili chaji ionekane wazi katika muda mfupi. Ndiyo maana bareti nyingi za DDR4 zinazouzwa kama "za mwendo" zina mpango ulioandikwa ndani, unaoitwa XMP, ambao Intel ilileta mwaka 2007. AMD ilileta wake, EXPO, mwaka 2022. Ukiuwasha kwenye BIOS, mwendo unapanda na volti ya DDR4 inapanda pia, mara nyingi mpaka 1,35.

Kutoka 1,2 mpaka 1,35 inaonekana kidogo. Lakini nguvu inayogeuka joto haifuati volti moja kwa moja, inafuata volti mara yenyewe. Gawa 1,35 kwa 1,2, utapata 1,125. Izidishe kwa yenyewe, utapata karibu 1,27. Yaani joto asilimia 27 zaidi, kabla hata ya kuhesabu mwendo. Ukitoka 2400 kwenda 3200, zidisha tena kwa theluthi moja, unafika karibu 1,7.

Bareti inatumia wati chache tu, kwa hiyo mtu anaweza kusema: kidogo mara moja nukta saba bado ni kidogo. Ni kweli, kwa Ulaya. Tuchukue mfano. Bareti ambayo katika hali ya kawaida inazidi chumba kwa digrii 15, ikisukumwa hivyo itazidi chumba kwa digrii 25 hivi. Usiku, chumba kikiwa na digrii 22, iko kwenye 47. Saa nane ya mchana, chini ya mabati yasiyo na dari, chumba kikiwa na 33, iko kwenye 58. Bado haijafika 85, na haitaungua. Lakini kuna mipangilio iliyobanwa ambayo inaanza kukosea ikipita digrii 50 hivi. Usiku inapita mtihani, mchana inaanguka, na mwenye nayo hajui kwa nini.

Wa Bukavu wasifurahi haraka. Kwao ni baridi zaidi, kweli, lakini hewa ya mita 1500 ni nyepesi karibu asilimia 14 kuliko ya usawa wa bahari, na vantilatere inasukuma hewa, haisukumi digrii. Faida ya baridi inabaki, ila si yote.

Na si bareti tu inayolipa. Kile kinachoongoza RAM kiko ndani ya prosesere, nacho kinaongezewa volti. Mwaka 2023 prosesere kadhaa za AMD za aina ya Ryzen 7000X3D ziliungua mikononi mwa wenyewe huko ng'ambo. Karte mère fulani, mpango wa EXPO ukiwashwa, zilikuwa zinapeleka volti ya juu mno kwenye sehemu hiyo ya prosesere. AMD ililazimika kuweka mpaka wa volti 1,3, na watu wakaambiwa waweke BIOS mpya. Wale walikuwa na mashini mpya, za bei kali, na hawakufanya fujo yoyote. Walibonyeza tu "washa".

Kosa moja dogo

Kompyuta ikizima ghafla ao ikionyesha ekran ya bluu, angalau umejua. Hatari kubwa ni pale inapoendelea kufanya kazi huku biti moja imegeuka.

Tarehe 18 Mei 2003, Ubelgiji walipiga kura. Katika komuni ya Schaerbeek, ndani ya jiji la Bruxelles, kura zilihesabiwa kwa kompyuta. Mgombea mmoja akaandikiwa kura 4096 zaidi ya zile alizopata kweli, hesabu ambayo haikuwezekana. Walihesabu upya, ziada ikatoka. Kosa katika programu halikuonekana. Namba 4096 ndiyo iliyowafumbua macho, maana ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 12: ni biti moja tu, ya kumi na tatu, iliyotoka 0 ikawa 1 ndani ya kumbukumbu. Hakuna aliyekuwa amesukuma RAM ile. Iliwatokea hivyo tu, na wakaijua kwa sababu hesabu haikuwezekana. Kama ingekuwa biti ya chini zaidi, yenye thamani ya kura 8, nani angeona?

Mwaka 2009 watafiti wa Google pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha walichoona kwenye maelfu ya mashini za kampuni hiyo: zaidi ya asilimia 8 ya bareti zilikuwa na kosa angalau moja kwa mwaka. Mashini zile zina RAM inayojisahihisha, ECC. Zetu za mezani karibu zote hazina. Tuseme ukweli mwingine wa kazi ile: waliona joto lina athari ndogo. Lakini walikuwa ndani ya vyumba vilivyopozwa, na bareti kwenye mwendo wake wa kawaida. Si mabati ya Luvungi na volti 1,35.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Nilikuwa na kompyuta ya mezani ya mitumba, nikaisukuma mpaka 3200, nikaijaribu usiku, ikapita. Wiki tatu baadaye nikafungua mahojiano ya saa moja na mzee mmoja, juu ya mashamba ya mpunga ya zamani hapa bondeni. Sauti ilikuwa na mipasuko, ta, ta, kila baada ya dakika kadhaa. Nikasema sawa, niko na kopi. Kopi ilikuwa na mipasuko ile ile. Bila shaka: kopi inapita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski ya pili, na ile RAM ndiyo ilikuwa mgonjwa. Kopi zangu tatu zilikuwa kosa moja limeandikwa mara tatu. Kwenye kinasa sauti nilikuwa nimekwisha kufuta.

Sasa fikiria sekretaria publike inayoandika orodha za wanafunzi, hati za mauzo ya parsele, attestasyo. Tarakimu moja.

Unapata faida gani kweli?

Saa moja ya sauti ya redio, stereo, WAV ya kawaida, ina mega karibu 635. RAM ya 2400, hata bareti moja, inaweza kuipitisha kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Diski dure ya kuzunguka, ya mega 100 hivi kwa sekunde, inataka sekunde sita. SSD ya kawaida ya SATA, sekunde moja na kidogo. Kwa hiyo anayekata sauti na kungoja, anangoja diski. Akisukuma RAM atapunguza ile sehemu ya thelathini, na sekunde sita zitabaki pale pale. Mwenye diski ya kuzunguka aweke SSD kwanza, halafu tuzungumze.

Anayeandika barua na kuchapa hataona tofauti yoyote. Anayejaza mega zote za RAM kwa kufungua vitu vingi anahitaji bareti kubwa zaidi, mwendo hautamsaidia.

Mtu mmoja anafaidika kweli: anayetumia kompyuta isiyo na karte ya picha ya pekee, akicheza michezo ao kutengeneza video. Picha zake zinakaa ndani ya RAM ya kawaida, na barabara ikiwa pana zaidi, anaona. Hata yeye, kabla ya BIOS, ahesabu bareti zake. Bareti mbili za 2400 zikiwa kwenye nafasi zinazofaa zinafanya kazi pamoja, giga 19,2 mara mbili, 38,4. Bareti moja iliyosukumwa mpaka 3200 inatoa 25,6. Bareti ya pili imeshinda, kwa volti 1,2, bila kuongeza mwendo hata kidogo. Kwenye karte mère yenye nafasi nne, mara nyingi ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesere. Kijitabu chake kinaonyesha. Na ukichanganya bareti ya 3200 na ya 2400, zote zitaenda mwendo wa ile ya chini.

Tena, kompyuta nyingi za ofisi za mitumba zinazotufikia, za Dell, HP na Lenovo, BIOS yake haitoi nafasi ya kubadilisha volti wala mwendo wa RAM. Usitafute programu ya kulazimisha.

Ukiamua kufanya

Futa vumbi kwanza. Vumbi la RN5 likijaa kwenye vantilatere, hesabu zote za juu zinaharibika. Toa bareti umeme ukiwa umekatwa, gusa chuma cha boksi kabla ya kuishika, safisha meno yake kwa kifutio cha kalamu ya risasi, taratibu. Mara nyingine ugonjwa wote ni huo uchafu. (Na ukiitazama bareti kwa karibu, zile alama nyeupe zinazong'aa zinazoshika chipu ni bati. Kalehe na Walungu wanachimba kasiterite, ambayo ndiyo mama wa bati. Inaondoka kwetu kwenye gunia, na kama inarudi, inarudi ndani ya kipande kama hiki.)

Andika kwenye karatasi, siyo ndani ya kompyuta, namba zilizokuwepo. Kopi za kazi yako ziweke nje kabla ya kugusa kitu, si baada.

Kisha nenda hatua moja moja. Kama bareti ina XMP, iwashe peke yake, usiguse kingine. Kama haina, panda kidogo tu, kwa mfano 2400 kwenda 2666, na uache volti ilipo. Ikikataa, rudi. Mimi DDR4 siipitishi 1,35 hapa bondeni, hata kama video inasema 1,45 haina shida. Na usirefushe ule muda wa kujaza vijumba, ambao BIOS inauita tREFI. Vijana wanaupenda juu unaongeza mwendo kidogo, lakini kwenye joto huo ndio unaovunjika wa kwanza. Ni kumwambia mtu wa maji apite mara chache wakati tundu limeongezeka.

Mtihani: programu ya Memtest86+, ya bure, unaiweka kwenye kle USB na kompyuta inawaka nayo bila Windows. Inaandika na kusoma kila kijumba. Iache izunguke mizunguko minne ao zaidi, saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, anza tena. Na usiifanye usiku. Ianzishe saa sita ya mchana, boksi imefungwa kama inavyofungwa siku zote, mahali pale pale inapofanyia kazi. Kosa moja tu likionekana, hata moja kati ya mabilioni, shusha mwendo. Lisipoonekana kwenye joto la saa nane, usiku hutakuwa na shida.

Mashini ikikataa kuwaka kabisa baada ya kubadilisha, usiogope. Karte mère nyingi zinajaribu mara mbili tatu, kisha zinarudi zenyewe kwenye namba za kiwanda. Isiporudi, kata umeme, toa ile betri ya duara, CR2032, ngoja dakika chache, irudishe. BIOS itasahau uliyoandika. Itasahau na saa pia: rekebisha tarehe kabla ya kurekodi kitu, la sivyo mahojiano ya leo yataandikwa kwenye orodha kwamba ni ya miaka mingi iliyopita, na mwaka ujao hutayapata.